Pima Ramani Yangu, Wacha Kuuliza Geti Nililopitia

Leo sina utani mwingi, kwa hivyo kaeni chini tuongee.

Wiki tatu zilizopita niliingia ofisi moja ya serikali hapa Nairobi kutafuta atachi. Nilikuwa nimepiga shati pasi, nimebeba bahasha ya kaki yenye barua ya chuo, matokeo yangu ya mwaka wa kwanza na wa pili, na ramani moja niliyoichapisha kwa saiba, saizi ya A3, rangi kamili. Hiyo ramani ilinikula mia mbili na sijuti hata shilingi.

Madam aliyenihudumia aliikunjua mezani. Akaiangalia muda mrefu. Akafuata mitaro kwa kidole, akaniuliza hii rangi ya machungwa inamaanisha nini. Nikamwambia ni mahali ambapo mvua ikinyesha maji yanasimama zaidi ya siku moja. Akaita mwenzake: "Kuja uone hii ya Mukuru." Wakaiinamia wote wawili. Mwenzake akasema, sisi wenyewe hatuna hii. Moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma.

Kisha madam akafungua barua. "Hiki chuo kiko wapi, kijana?"

Nikamwambia nasoma mtandaoni, madam. Digrii ya miaka minne, sayansi ya taarifa za kijiografia. GIS kwa kifupi.

Akarudisha karatasi ndani ya bahasha polepole, venye mtu hufunika sufuria akigundua chakula kimechacha. "Pole. Hapa hatuchukui watu wa onlaini. Hii kazi ni ya vitendo."

Na ile ramani ilikuwa bado iko mezani, mbele yake.

Nimekaa na hayo maneno wiki tatu. Leo nayajibu, na sijibu kwa niaba yangu pekee. Najua kuna mtu hapa amemaliza kidato cha nne, alama zake ni nzuri, pesa ya hosteli hakuna, na mjomba wake anamwambia digrii ya mtandaoni ni ya watu waliofeli. Najua kuna mwingine yuko mwaka wa pili kama mimi na akiulizwa anasoma wapi anabadilisha mada.

Msimamo wangu ni huu. Kwa somo kama hili, kumkataa mtu kwa sababu tu alilisoma mtandaoni ni ujinga, na ni ujinga ambao mtaa mzima unaulipia. Ramani ipo mezani. Ipime. Ikiwa mbovu, nifukuze hata kwa mbwa. Ikiwa nzuri, geti nililopitia linakuhusu nini?

Twende pole pole.

Wengi wakisikia GIS wanafikiria ile sauti ya simu inayokuambia pinda kushoto. Hiyo ni tone moja ndani ya ndoo. GIS ni kuuliza swali la "wapi" na kupata jibu unaloweza kulitetea. Unachukua tabaka moja la mitaro, juu yake unaweka tabaka la mwinuko wa ardhi, juu yake nyumba, juu yake mahali watu wanachota maji. Kila tabaka peke yake halikuambii mengi. Ukiyapanga pamoja unaona kwamba bomba la maji ya kunywa limepita ndani ya mtaro ambao hufurika kila Aprili, na unaelewa mbona watoto wa ploti fulani huharisha kila Mei.

Sasa sikilizeni hii, kwa sababu ndiyo hunifanya nicheke peke yangu kwa matatu. Mnajua hili wazo lilianzia wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni moja ya Kanada iliyoitwa Spartan Air Services ilitakiwa kutafuta mahali pafaapo kupanda misitu. Wapi? Hapa Kenya. Jamaa mmoja wa hiyo kampuni, Roger Tomlinson, akaona kwamba kuchambua ramani zote hizo kwa mkono kungegharimu pesa ambayo hakuna mtu angekubali kulipa. Akafikiria: kwani kompyuta haiwezi kufanya hii kazi? Wazo hilo ndilo lililokuja kuzaa mfumo wa serikali ya Kanada wa kuhesabu na kupanga ardhi yake, na leo Tomlinson anaitwa baba wa GIS.

Umeona? Hii sayansi ilianza na mtu akiwa Ottawa, akisumbuka kuielewa ardhi ya Kenya kutoka kule kwao. Ilikuwa kazi ya mbali tangu siku ya kwanza. Na kuna tawi zima la masomo yetu ambalo ni kuitambua ardhi kutoka mbali, kwa picha za setilaiti. Landsat zimekuwa zikipiga dunia picha tangu mwaka wa 1972, na tangu 2008 picha zake zote ni za bure. Sentinel-2 za Ulaya nazo zinapita juu ya vichwa vyetu kila baada ya siku chache, zinatoa picha ambazo kila kijimraba ni mita 10 kwa mita 10 za ardhi, na hizo pia ni bure. Mwanafunzi aliyekaa ndani ya kampasi yenye nyasi nzuri anazishusha kutoka tovuti ile ile ninayozishushia mimi saa nane usiku kwa bando la usiku. Hakuna picha ya setilaiti ya watu wa geti na nyingine ya watu wa keja.

Programu ninayotumia inaitwa QGIS. Ni ya bure, imekuwepo tangu 2002, na inatumika na serikali, mashirika na vyuo dunia nzima. Laptopu yangu ni ya mtumba, elfu 27, na feni yake hulia kama blenda ya sharubati. Lakini hesabu inayofanya ni hesabu ile ile.

"Hii kazi ni ya vitendo." Sawa madam, tuongee vitendo.

Muhula wangu wa pili nilikwama wiki nzima kwa kitu kimoja. Nilikuwa nimechukua nukta kwa simu, nikataka kuziweka juu ya ramani ya zamani ya Nairobi iliyochanganuliwa kutoka karatasi. Kila kitu kikakaa mahali pabaya. Choo cha shule kikaangukia kwa reli. Duka la mama mboga likatokea upande ule mwingine wa barabara kuu. Nikadhani laptopu imelogwa.

Mhadhiri wetu hakunipa jibu. Aliniandikia swali moja tu: ramani yako ya zamani imepimwa kwa msingi gani? Nikatafuta. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilichorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Simu yako inatumia mwingine, WGS 84. Dunia si mpira laini, na hii misingi miwili inaifikiria kwa maumbo tofauti. Ukisahau kubadilisha moja kwenda nyingine, hapa kwetu kila kitu kinahama karibu mita 300.

Mita 300, wasee. Hiyo ni nyumba yako kutolewa kwa ploti na kutupwa mtoni. Hiyo ni fidia ya barabara kwenda kwa mtu ambaye barabara haimgusi. Hilo kosa haliulizi kama ulisomea ukumbini ama chumbani. Kuna mtu ana digrii ya geti kubwa na bado hulifanya, na kuna mtu wa mtandaoni hawezi kulifanya tena maishani kwa sababu lilimnyima usingizi wiki nzima. Huyo wa pili ni mimi.

Lakini nikubali kitu, kwa sababu sipendi kubishana kama mtu wa mkutano wa siasa. Madam alikuwa na nusu ya ukweli. GIS bila miguu ni uongo wenye rangi nzuri. Ukikaa kwa kiti miaka minne ukibonyeza vitufe na hujawahi kwenda kuangalia kama kile kitu cha kijani kwenye picha ni mahindi ama ni magugu, wewe hujasoma. Setilaiti inaona paa, haioni nani analala chini yake. Inaona barabara, haijui kwamba hiyo barabara usiku haipitiki.

Sasa swali: nani ana miguu karibu zaidi na ardhi? Yule aliyehama kwao Turkana kwenda kukaa hosteli Nairobi, ama yule aliyebaki kwao na kusoma huku anaishi katikati ya shida yenyewe?

Zoezi letu kubwa la mwaka wa pili lilikuwa hivi: chagua tatizo la eneo unaloishi, lichukulie data, lichoree ramani, litetee. Mwenzangu mmoja anayeishi Kisumu alichagua fuo ambazo magugu maji huziba mashua. Mwingine wa Kitui akachagua umbali wa kutembea hadi kwa visima vyenye maji mwezi wa Septemba. Mimi nikachagua mitaro ya kwetu, karibu na Mto Ngong. Hebu niambie ni darasa gani la ukumbini lingewaweka hao watatu nyanjani, kila mmoja kwao, kwa wiki moja, bila mtu kulipa nauli ya basi.

Nilitafuta vijana wanne wa mtaa, tukaweka KoboToolbox kwa simu zetu, programu ya bure ya kukusanya data, tukatembea Jumamosi tatu. Upana wa mtaro, kina, umeziba ama haujaziba, umeziba na nini, maji huenda wapi. Nilijifunza ambacho hakuna video ingenifunza. Kwamba simu yako mahali peupe inakosea mita chache, lakini ukiingia katikati ya magorofa ya mabati na mawe inaanza kuruka kama mbuzi, inakuweka ndani ya nyumba ya mtu. Kwa hivyo unasimama, unangoja, unachukua nukta mara tatu, unaandika kwa daftari pia.

Jumamosi ya kwanza, mzee wa Nyumba Kumi alitusimamisha. Akauliza swali ambalo lilikuwa zito kuliko mtihani wowote: "Hizo nukta mnazipeleka wapi?"

Nikaanza kueleza mambo ya chuo. Akanikata. "Mwanangu, hapa watu wakija na karatasi wakihesabu milango, miezi michache baadaye tingatinga linakuja. Nakuuliza tena. Zinaenda wapi?"

Tulikaa naye kwa benchi la fundi viatu karibu saa nzima. Tukakubaliana: hatuweki nyumba ya mtu yeyote. Mitaro, kalavati na mabomba ya maji peke yake. Hakuna majina, hakuna namba za simu. Na nakala ya kwanza ya ramani inaenda kwake kabla haijaenda kwa mhadhiri. Nikamwambia, sawa mzee, na ndivyo ilivyokuwa. Mtu angetoka mbali na fulana ya mradi, mzee angempa tabasamu na majibu ya uongo. Mimi alinijua. Aliniona nikitumwa unga nikiwa na kaptura.

Ramani ilionyesha nini? Kwamba ile sehemu kubwa ya machungwa, mahali maji hulala, ilitokana na kalavati tatu tu. Tatu. Sisi wote tulikuwa tunalaumu mto. Mbili zilikuwa zimeziba kwa taka, ya tatu ilikuwa nyembamba kuliko mtaro unaoleta maji. Vijana walizibua zile mbili kwa koleo na jembe, siku moja. Ile ya tatu inahitaji serikali, na ndiyo maana nilibeba ramani kwenda kwa serikali. Mnajua kilichofuata.

Na hatukuwa wa kwanza, kwa hivyo msinipigie makofi. Hadi mwaka wa 2009 Kibera, mahali ambapo kila mwandishi wa dunia amepiga picha, ilikuwa doa tupu kwenye ramani zilizokuwa wazi kwa umma. Vijana wa pale pale wakashika vifaa vya GPS wakachora njia, vyoo, shule na kliniki zao kwenye OpenStreetMap. Hiyo ndiyo Map Kibera. Halafu kuna Digital Matatus. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu simu mkononi, wakirekodi kila steji, wakishirikiana na watu wa MIT na Columbia. Mwaka wa 2014 ikatoka ramani ya njia zaidi ya 130, na mwaka uliofuata hiyo data ikaingia Google Maps. Hao walikuwa wanafunzi wa kampasi na nawapigia saluti. Lakini angalia kazi yenyewe ilifanyika wapi na kwa nini: ndani ya matatu, kwa simu. Ukumbi wa mihadhara haukupanda matatu.

Pingamizi la pili nimelisikia hadi kwa sherehe ya kifamilia, mjomba ameshika kikombe cha chai: "Huko mtandaoni mnaibiana mitihani."

Anko, kwa heshima zote. Neno "mwakenya" halikuzaliwa mtandaoni. Lile karatasi dogo linalofichwa kwa soksi lilizaliwa ndani ya kumbi zenye wasimamizi wanaotembea huku na huku. Na hili jiji letu limejaa vijana ambao kwa miaka wamelipwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao, wanafunzi ambao wengi wao wamekaa ndani ya mageti mazuri kabisa. Kila mmoja hapa anajua msee mmoja aliyelipa kodi ya nyumba kwa hiyo kazi. Kwa hivyo tuache kujifanya geti huzuia wizi.

Kinachozuia wizi ni mtihani ambao huwezi kuununua. Mwisho wa lile zoezi la mitaro niliwashwa kamera dakika arobaini, watu wawili wakaniuliza maswali. Mbona umechagua umbali huu? Nukta hii inakaa pekee yake, ulifika kweli? Badilisha hapa, tuone ramani inabadilika aje. Ukiwa umenunua hiyo kazi, dakika ya tatu umeshaanguka. Madam angeniuliza maswali mawili ya aina hiyo angenijua. Hakuuliza hata moja.

Sasa nigeuze upande, kwa sababu kuna watu wa kwetu wananifurahia mapema.

Nyinyi mnaouza digrii za mtandaoni za usingizi, nyinyi ndio mnatuharibia jina. Kuna mahali unalipa, unapewa video zilizorekodiwa na mtu aliyeshaacha kazi, maswali ya kuchagua A, B, C, na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Hakuna nyanjani, hakuna mtu anayekujibu, hakuna mtu amewahi kuiona kazi yako. Na kuna wale wa "kuwa mtaalamu wa GIS kwa wiki mbili." Wiki mbili utajua kitufe kiko wapi. Hutajua kwa nini matokeo ni uongo. Tofauti ya kujua programu na kujua sayansi ni zile mita 300.

Kwa hivyo kabla mathe hajauza mbuzi, uliza maswali haya, na uulize kwa maandishi.

Moja, nani anakitambua? Chuo cha Kenya lazima kiwe kimekubaliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na uangalie kozi yenyewe, usiishie kwa jina la chuo. Cheti cha nje kinahitaji kutambuliwa hapa, na hilo ni la kuuliza kabla ya kulipa. Ukiuliza baada ya miaka minne umechelewa.

Mbili, nyanjani kuko wapi? Wakikuambia hakuna, toka. Kozi ya ramani isiyokutoa nje ya nyumba ni kozi ya kuogelea kwa karatasi.

Tatu, nitatoka na nini mkononi? Ukitaja mwaka wa tatu, waombe wakuonyeshe kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu ameifanya. Kama hawana ya kukuonyesha, wewe pia hutakuwa nayo.

Na la nne, ambalo wauzaji hulimeza. Digrii ya GIS haikufanyi mpima ardhi mwenye leseni. Mambo ya kuweka mipaka ya ploti na kutia sahihi yana sheria yake na bodi yake. Usije ukaenda kuchomeka vigingi kwa shamba la watu ukisema uliniskia. Ukitaka hiyo njia, ifuate kutoka mwanzo, na ujue mahitaji yake. GIS ina kazi zake nyingine: afya, maji, misitu, barabara, majanga, kilimo, kaunti.

Ndio, kaunti. Hapa ndipo hasira yangu inachemka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 110, inasema kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, uliojengwa juu ya hifadhidata ya GIS. Neno GIS limo ndani ya sheria yetu, wasee. Kaunti ni 47. Kila moja ina wadi, kila wadi ina mitaro, zahanati, visima na barabara zinazobadilika kila mwaka. Nani atazichora? Mtu mmoja wa makao makuu na gari lisilo na mafuta?

Na Kaunti ya Nairobi yenyewe inajua wakazi wanaweza. Mwaka wa 2017 ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa, na moja ya sababu ni kwamba watu wa Mukuru, na makundi kama Muungano wa Wanavijiji, walikuwa wameshajihesabu na kukusanya data yao wenyewe. Data ya mtu wa mtaa ilifungua mlango. Leo kijana wa mtaa huo huo analeta data akiwa pia na masomo, anaambiwa mlango ni wa watu wa geti.

Nimalize kwa kitu ambacho si cha kuchekesha.

Aprili 2024 mnaikumbuka. Sisi tulibeba godoro kichwani saa tisa usiku, maji yamefika magotini, stima imepotea, watoto wa jirani wamesimama juu ya meza. Asubuhi mtaa ulikuwa na harufu ambayo sitaiandika. Siku chache baadaye ikaja amri: walio kando ya mito watoke, na wimbo ukawa mita 30. Mathare, Mukuru, tingatinga.

Mita 30 kutoka wapi? Kutoka katikati ya mto? Kutoka ukingoni? Ukingo wa kiangazi ama wa masika? Sheria zetu tofauti zimekuwa na vipimo tofauti kwa miaka. Hilo ni swali la ramani, na wakati wa kulijibu si ule ambao tingatinga limeshawashwa. Mtaa ambao una ramani yake unaweza kuuliza, kuonyesha, kubisha, na pia kukubali kwamba hapa kweli ni hatari, tuhame. Mtaa usio na ramani unachorewa mstari na mtu mwingine, kisha unapewa saa chache za kufunga vitu.

Hiyo ndiyo gharama ya "hatuchukui watu wa onlaini." Mimi nitapata atachi mahali pengine, msinihurumie. Lakini kalavati ya tatu bado ni nyembamba. Iko pale pale, najua upana wake, najua kina chake, najua nyumba ngapi ziko chini yake ingawa sikuziweka kwa ramani. Mvua haitauliza ilichorwa na mtu wa chuo gani.

Madam, kama hii itakufikia: sina kinyongo. Uliiangalia ile ramani kwa macho ya mtu anayeijua kazi yake, niliona. Ungebaki hapo hapo kwa ramani, tungekuwa tumeshaanza. Nitarudi Jumatatu na bahasha ile ile. Niulize chochote kuhusu mtaro wowote. Nikishindwa kujibu, nitajitoa mwenyewe.

Na wewe ambaye unabadilisha mada ukiulizwa unasoma wapi, wacha hiyo tabia leo. Sema. Kisha toa ramani yako uiweke mezani. Kama huna ya kutoa, hapo shida si watu wanaokudharau. Vaa viatu, beba simu, anza na mtaro ulio nje ya mlango wako. Na umuulize mzee wa mtaa kwanza.